Yai Ndani ya Skonzi: Kwa Nini Ushauri wa Lishe Uanzie Jikoni

Mkate uliochovywa katika mayai na kukaangwa hauna mtetezi katika mazungumzo ya afya. Mtaalamu wa lishe huutazama akaona mafuta. Daktari wa kisukari huutazama akaona wanga. Mama mwenye watoto wanne huutazama akaona anasa ya siku za mapumziko. Hata hivyo, chakula hicho kinaendelea kupikwa, na siku hizi katika miji ya Afrika Mashariki hakipikwi kwa mkate wa slesi peke yake. Kinapikwa pia kwa skonzi, vile vimkate vidogo, laini, vyenye utamu wa sukari na mafuta kidogo ndani yake, ambavyo hununuliwa asubuhi dukani na ambavyo, vikilala usiku mmoja, mtoto huvikataa kwa kuwa vimekuwa vikavu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tosti ya mayai itokanayo na skonzi inastahili kutazamwa upya na wale ambao kazi yao ni kuwashauri watu namna ya kula. Haistahili hivyo kwa sababu ni dawa, kwani si dawa. Inastahili kwa sababu ndani ya kikaango kimoja hukutana mambo manne ambayo elimu ya afya huyafundisha kila moja kwa wakati wake: lishe ya mtoto, usalama wa chakula, sukari iliyojificha na matumizi ya mabaki. Mtaalamu atakayeweza kuyaeleza mambo hayo manne juu ya chakula kimoja ambacho watu wanakipenda tayari atakuwa amefundisha zaidi ya yule aliyebandika ukutani orodha ya makatazo.

Tumbo lililoshiba, mwili ulio na njaa

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kiwango hicho kimeshuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, lakini bado maana yake ni kwamba takribani mtoto mmoja katika kila watatu hakui kama alivyostahili kukua. Wengi wa watoto hao hawalali na njaa. Wamekula ugali, wamekunywa uji, wamepewa skonzi na chai ya rangi iliyotiwa sukari ya kutosha. Wanachokosa si kujaza tumbo. Wanachokosa ni protini bora, madini na vitamini, ambavyo kwa kiasi kikubwa hutoka katika vyakula vya asili ya wanyama.

Kifungua kinywa cha skonzi kavu na chai ya rangi ni mfano ulio wazi wa tatizo hilo. Skonzi moja yenye uzito wa gramu 50 humpa mlaji wanga wa takribani gramu 25 na protini ya takribani gramu nne, tena protini ya ngano, ambayo ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Yai moja la wastani lina protini ya takribani gramu sita, na protini hiyo ina asidi amino zote muhimu kwa uwiano unaofaa. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji protini ya takribani gramu 13 kwa siku. Yai moja, basi, hukaribia kumpa nusu ya mahitaji yake. Yai hilo hilo humpa kolini, kirutubisho kinachohitajika katika ujenzi wa ubongo, pamoja na vitamini A na vitamini B12. Ngano na yai vikiwekwa pamoja, pengo la kimoja huzibwa na kingine.

Ushahidi kuhusu yai na ukuaji wa mtoto hauna haja ya kutiwa chumvi. Nchini Ecuador, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watoto wa miezi sita hadi tisa waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walikuwa na udumavu uliopungua kwa asilimia 47 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Habari hiyo ilienea haraka, na wengi wakadhani kwamba jibu la udumavu limepatikana. Kisha, mwaka 2019, matokeo ya utafiti wa namna hiyo hiyo kutoka Malawi yalichapishwa, na humo yai la kila siku halikuonyesha tofauti ya jumla katika urefu wa watoto. Watafiti walieleza kwamba watoto wa eneo lile, lililo karibu na ziwa, walikuwa wakila samaki kwa wingi tangu mwanzo.

Tafiti hizo mbili hazipingani kama zinavyoonekana. Zikisomwa pamoja zinafundisha kwamba yai humfaa zaidi yule ambaye hana kingine. Nyumba yenye dagaa, maziwa au samaki kila siku haina sababu ya kuliabudu yai. Nyumba ambayo asubuhi yake ni chai ya rangi na skonzi, na jioni yake ni ugali na mboga za majani peke yake, hiyo ndiyo nyumba ambayo yai linaweza kuleta tofauti.

Mkate uliopotea na kupatikana

Upishi huu una umri mkubwa. Kitabu cha mapishi cha Kirumi kinachohusishwa na jina la Apicius kinaeleza namna ya kuloweka vipande vya mkate mweupe katika maziwa, kuvikaanga kwa mafuta na kuvimiminia asali. Wafaransa huuita upishi huo kwa jina lenye maana ya mkate uliopotea, kwa kuwa mkate uliokauka ulihesabiwa kuwa umepotea hadi yai na maziwa yaliporudisha uhai wake. Wahispania huupika zaidi katika majira ya Kwaresima na Juma Kuu. Wareno huuandaa wakati wa Krismasi. Kila mahali asili yake ni ile ile: mtu mwenye mkate mkavu ambaye hakuwa tayari kuutupa.

Matumizi ya mkate mtamu na laini yana historia yake pia. Wareno kutoka visiwa vya Madeira na Azores walipoanza kuhamia Hawaii mwaka 1878 kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa, walikwenda na mkate wao mtamu wa mayai na maziwa. Mkate huo ulipendwa na wenyeji na wahamiaji wengine, na katika karne ya 20 Robert Taira, mwokaji wa asili ya Kijapani aliyefungua duka lake mjini Hilo mwaka 1950, aliufanya uwe bidhaa iliyokuja kujulikana Marekani nzima. Vimkate vidogo vya namna hiyo sasa hukatwa, huchovywa na kukaangwa katika majiko mengi ya nchi ile.

Historia hiyo inasaidia jambo moja la kitabibu. Upishi uliobuniwa kwa ajili ya mkate mkavu usio na sukari ulipohamishiwa kwenye mkate laini wenye sukari, kanuni zake zilibadilika, lakini wapishi wengi hawakubadilika nazo. Waliendelea kuongeza sukari kana kwamba mkate hauna; waliendelea kuloweka kwa muda mrefu kana kwamba mkate ni mgumu; na waliendelea kuiamini rangi ya juu kana kwamba inaeleza hali ya ndani. Makosa hayo matatu ndiyo yanayokifanya chakula chema kiwe na madhara.

Yai linalogawanyika kwa haki

Kabla ya makosa hayo, kuna fadhila moja ya tosti ya mayai ambayo vitabu vya lishe havina desturi ya kuitaja. Yai la kuchemsha ni kitu kimoja kisichogawanyika kwa urahisi. Nyumba yenye mayai matatu na watu sita lazima iamue nani atakula na nani atatazama, na katika nyumba nyingi uamuzi huo hufuata cheo: baba kwanza, kisha mgeni, kisha mtoto mkubwa wa kiume. Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki ziko pia imani zinazowazuia wajawazito na watoto wadogo kula mayai. Wapo wanaosema kwamba mtoto atachelewa kusema. Wapo wanaosema kwamba atazaliwa bila nywele. Imani hizo hazina msingi wa kisayansi, na wanaodhurika nazo ni wale wale ambao yai lingewafaa zaidi.

Yai lililopigwa na kuchanganywa na maziwa halijui cheo. Likishaingia ndani ya mkate, kila kipande kina sehemu yake, na mtoto wa mwisho anayepewa kipande amepewa yai pia. Si jambo dogo hilo. Haki ndani ya sahani huanza mara nyingine kwa namna chakula kilivyopikwa, kabla ya hotuba yoyote kuhusu usawa.

Fadhila hiyo, hata hivyo, ina mpaka wake. Yai moja likitandazwa juu ya vipande kumi na viwili, kila kipande hupata nusu gramu ya protini ya yai, na kinachobaki ni rangi ya njano na harufu nzuri. Familia hudhani imekula mayai ilhali imekula mkate na mafuta. Kwa hiyo kipimo ni lazima kitamkwe waziwazi: kwa skonzi nne za gramu 50, yatumike mayai yasiyopungua matatu na maziwa ya mililita 150, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kikombe cha chai. Kwa kipimo hicho kila mlaji wa skonzi moja hupata protini ya takribani gramu 10, ikijumlishwa ile ya yai, ya maziwa na ya mkate wenyewe. Chini ya hapo, ni afadhali mayai machache yaliyopo yachemshwe na wapewe watoto wadogo na mjamzito, na skonzi iliwe ilivyo.

Rangi hudanganya

Kosa linalostahili kuogopwa zaidi halihusu sukari wala mafuta, bali yai bichi lililobaki katikati. Bakteria aina ya salmonela wanaweza kuwa juu ya ganda la yai kutokana na kinyesi cha kuku, na aina nyingine miongoni mwao huweza kuingia ndani ya yai kabla ganda halijaundwa. Yai lenye salmonela halinuki, wala halibadiliki sura. Kinachowaua bakteria hao ni joto: chakula kikifika nyuzi 70 za Selsiasi hadi katikati, hatari imeondoka kwa kiasi kikubwa.

Hapo ndipo skonzi inapotofautiana na mkate wa kawaida. Sukari na protini zikikutana kwenye joto kali hutoa rangi ya kahawia na harufu tamu. Skonzi ina sukari zaidi ya mkate wa kawaida. Kwa hiyo huiva rangi mapema. Juu ya jiko la mkaa lililokolea, upande wa chini unaweza kuwa kahawia iliyokoza ndani ya dakika moja, ilhali katikati ya skonzi, ambayo ni nene kuliko slesi na imenyonya yai kama sponji, bado ni uji wa vuguvugu. Mpishi huona rangi, huamini imeiva, huipakua, na mtoto hula yai bichi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, matokeo huwa ni kuharisha na homa ya siku chache. Kwa wengine si hivyo. Mtoto mwenye selimundu yumo katika hatari ya pekee, kwa kuwa wengu wake huharibika mapema na salmonela huweza kuingia katika damu na kuishambulia mifupa. Maambukizi ya mifupa yatokanayo na salmonela ni jambo ambalo kila daktari wa watoto katika ukanda huu anapaswa kulikumbuka. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Mtoto aliyetoka kuugua malaria, mtoto mwenye utapiamlo mkali, mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, mjamzito na mzee nao hawana budi kulindwa. Salmonela husambaa kwa njia nyingi, nalo yai lisiloiva ni mojawapo tu. Lakini ni njia ambayo mpishi anaweza kuifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Namna ya kuifunga si ngumu. Skonzi ikatwe katikati ili iwe na vipande viwili vyembamba, isikaangwe nzima. Vipande viachwe vikauke kidogo, ikiwezekana usiku mmoja chini ya kitambaa safi, kwa sababu mkate laini ukichovywa siku ile ile huvunjika na kunywa yai kupita kiasi. Kuchovya kuwe kwa sekunde chache kila upande. Makaa yapunguzwe, mafuta yawe kijiko kimoja cha chakula au pungufu kwa kikaango kizima, na kikaango kifunikwe ili mvuke uivishe katikati kabla rangi ya juu haijakoza. Kisha mpishi abonyeze kipande kwa mgongo wa kijiko. Kikitoa majimaji, bado. Kikirudi juu kama godoro bila kutoa kitu, yai limeganda hadi ndani, na mchanganyiko wa yai na maziwa hauwezi kuganda hivyo kabla ya kupita joto la kuwaua bakteria hao. Kipimo hicho cha kijiko ni cha kuaminika kuliko rangi.

Yamebaki mambo mawili. Mchanganyiko wa mayai uliobaki usiwekwe kando usubiri walaji wa mchana. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, saa mbili juu ya meza ni muda mrefu mno. Na mikono iliyovunja mayai ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kikombe cha mtoto.

Sukari ya pili

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikiwa chini ya asilimia tano. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia tano ni takribani gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Kwa mtoto mdogo ni pungufu ya hapo.

Skonzi moja ya gramu 50 ina unga wa takribani gramu 30. Waokaji wa mikate mitamu hutia sukari kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa unga. Hivyo skonzi moja hubeba sukari ya gramu tatu hadi sita, kijiko kimoja cha chai au kimoja na nusu. Kiasi hicho peke yake si cha kutisha. Kinachotisha ni sukari ya pili, inayotiwa ndani ya mayai kwa mazoea, na sukari ya tatu, inayonyunyiziwa juu au kuletwa na jemu, na sukari ya nne, iliyomo ndani ya chai. Mtoto anayekula skonzi mbili zilizopikwa hivyo na kunywa kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari anaweza kumaliza kiasi chake cha siku nzima kabla kengele ya shule haijalia.

Ushauri unaofaa hapa haumwambii mtu aache utamu. Unamwambia kwamba utamu upo tayari. Mkate una sukari; mayai yasitiwe nyingine. Hiliki iliyotwangwa, mdalasini au kungumanga, viungo ambavyo watu wa mwambao na visiwani wamevitumia kwa karne nyingi, huyapa mayai harufu ambayo ulimi huifasiri kuwa utamu. Asiye na maziwa ya ng'ombe anaweza kutumia tui la nazi jepesi, ingawa ajue kwamba tui huleta mafuta na si protini. Kipande cha embe, papai au ndizi mbivu pembeni ya sahani hutosha kuchukua nafasi ya jemu. Asali, ikiwa ipo, asipewe kamwe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wasababishao ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu.

Majibu mawili kwa chakula kimoja

Itaulizwa: je, mgonjwa wa kisukari? Hapa ndipo ushauri wa jumla unapofeli. Kinachompa mtoto aliyedumaa nguvu ya kukua kinaweza kumpandishia mgonjwa wa kisukari glukosi. Tena kosa la kawaida ni kuitazama sukari peke yake. Kwa mgonjwa huyo, gramu tano za sukari ndani ya skonzi ni sehemu ndogo. Gramu 20 za wanga wa unga mweupe uliobaki ni sehemu kubwa, nao huvunjwa tumboni ukawa glukosi kwa haraka. Skonzi mbili ni wanga wa gramu 50 hata kama hazikutiwa chembe ya sukari ya ziada.

Yai na mafuta kidogo hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na hivyo glukosi hupanda taratibu kuliko skonzi hiyo ingeliwa kavu na chai ya sukari. Faida hiyo ni ya kweli lakini haibatilishi wingi wa wanga. Mgonjwa wa kisukari aambiwe hivi: nusu ya skonzi hadi skonzi moja, yai zima kwa kila skonzi, chai bila sukari, mboga au maharage pembeni, na siku hiyo asile ndizi, mihogo wala chapati kwa mlo huo huo. Anayetumia insulini ajifunze kuuhesabu wanga huo. Anayepima glukosi nyumbani apime saa mbili baada ya kula, ajionee mwenyewe. Kipimo hicho kitamshawishi kuliko hotuba.

Kuhusu lehemu ya yai, hofu ya zamani imepungua. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku, kwa kuwa kwa watu wengi lehemu iliyomo katika chakula huathiri lehemu ya damu kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Mwenye kisukari au maradhi ya moyo bado anapaswa kupata ushauri wa daktari wake kuhusu idadi ya mayai kwa juma. Hata hivyo, anayelikwepa yai huku akikaanga kwa mafuta yaliyorudiwa mara nyingi, au kwa majarini yenye mafuta yaliyogandishwa kiwandani, amekwepa mbu akakumbatia nyoka.

Mkate uliolala na mkate ulioharibika

Fadhila ya kale ya upishi huu ni kuokoa mabaki, na fadhila hiyo ina mtego wake. Mkate uliolala na mkate uliooza si kitu kimoja. Mkate hukauka kwa sababu wanga wake, baada ya kupoa, hujipanga upya na kuwa mgumu. Mabadiliko hayo hayana madhara, na joto la kikaango huyarudisha nyuma kwa kiasi. Mkate wenye ukungu ni jambo jingine. Doa la kijani au jeusi linaloonekana ni sehemu tu ya kuvu. Nyuzi zake zimeshapenya ndani ya mkate laini mahali jicho lisipoona. Kukata doa na kukaanga kilichobaki hakutoshi, kwa sababu moto wa kikaango huua kuvu lakini baadhi ya sumu zinazotengenezwa na kuvu hustahimili joto la kupikia.

Afrika Mashariki imelipia somo la sumukuvu kwa gharama kubwa. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 walifariki kutokana na mahindi yenye sumukuvu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania mwaka 2016 waliugua 68 na kufariki 20. Matukio hayo yalihusu mahindi, na si mkate. Haitakuwa kweli kusema kwamba skonzi moja yenye doa ina hatari ya kiwango kile. Lakini kanuni ni moja: ukungu haupikwi ukawa chakula. Skonzi ya jana na ya juzi, iliyokauka tu, iende kwenye mayai. Skonzi yenye doa itupwe yote, wala isipewe kuku, kwa kuwa sumu hizo huwadhuru kuku pia.

Kinachodaiwa kwa mtaalamu

Ipo hoja moja ambayo haiwezi kukwepwa. Yai lina bei, na ziko nyumba ambazo mayai matatu kwa asubuhi moja ni ndoto. Kwa nyumba hizo tosti ya mayai si jibu, na kuzihubiria kuhusu yai ni kuongeza aibu juu ya umaskini. Dagaa waliosagwa ndani ya uji, maharage, karanga zisizo na ukungu na maziwa pale yanapopatikana ni njia za kweli zaidi, na sera za kuwasaidia wafugaji wadogo wa kuku zina uzito kuliko ushauri wowote wa upishi.

Lakini nyumba zilizo katikati ni nyingi: zile ambazo tayari hununua skonzi kila siku, tayari hununua trei ya mayai mara moja moja, na tayari hupika chakula hiki mwisho wa juma. Nyumba hizo hazihitaji fedha mpya. Zinahitaji kuambiwa kwamba mayai yaongezwe na skonzi ipunguzwe, kwamba sukari isitiwe, kwamba kikaango kifunikwe na kijiko ndicho hakimu wa kuiva. Sentensi nne hizo zinaweza kusemwa katika kliniki ya mama na mtoto ndani ya dakika moja.

Waswahili husema mchele mmoja mapishi mengi. Skonzi, yai na mafuta vikipikwa kwa namna moja humlisha mtoto. Vikipikwa kwa namna nyingine humrundikia sukari, au humpeleka wodini na homa. Hakuna orodha ya vyakula vinavyoruhusiwa na vinavyokatazwa inayoweza kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa vilivyomo ni vile vile. Mtaalamu anayetaka ushauri wake ufuatwe na aulize kwanza swali ambalo fomu za hospitali hazina nafasi yake: nyumbani kwenu mnakipikaje?